Modeli ya reli ya mvuke ya Moshi na Arusha kwa maonyesho: uchague skeli ipi?

Ukiagiza seti ya kawaida ya treni ya modeli kutoka Ulaya au Marekani, karibu hakika umeagiza SGR. Njia yake ina upana wa mm 16.5, ambao kwa skeli (uwiano wa modeli na kitu halisi) ya 1:87 ni sawa na mm 1,435. Reli ya Tanga kwenda Moshi na Arusha ni MGR, yaani mita moja kamili kutoka reli hadi reli. Ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, ukafika Moshi 1911, na kipande cha Arusha kikakamilika 1929. Kwa muda wote huo upana haukubadilika. Ukijenga stesheni ya Moshi kando ya njia ya SGR, mtazamaji aliyewahi kusimama pale ataona kuna kitu hakikai sawa hata kabla hajaweza kukitaja: njia ni pana mno na injini inaonekana imechuchumaa.

Ziko skeli nne zinazokuwezesha kuikaribia mita moja kwa kutumia njia za dukani, bila kusuka kila taruma kwa mkono. Njia ya mm 9 kwa skeli ya 1:120 inawakilisha mm 1,080. Njia ya mm 12 kwa 1:87 inawakilisha mm 1,044. Njia ya mm 16.5, ileile ya seti za kawaida, ikitumika kwa 1:64 badala ya 1:87, inakuwa mm 1,056. Na njia ya mm 45 kwa 1:22.5 inakuwa mm 1,012. Zote zimezidi kidogo, na hakuna mtazamaji atakayetambua tofauti hiyo. Kwa hiyo usahihi wa upana si hoja ya kuchagulia. Hoja ziko kwingine.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni nafasi na usafiri. Modeli ya maonyesho hujengwa nyumbani lakini huishi barabarani: itapita mlangoni, itapanda Noah au kirikuu, itashushwa na kufungwa upya. Ili tulinganishe kwa haki, tuchukue treni moja kwa skeli zote: injini na tenda yake (behewa la maji na mafuta) yenye urefu wa kama mita 18, ikivuta mabehewa matano ya mita 18 kila moja. Jumla ni mita 108.

Cha pili ni vifaa na kazi ya mikono: nini kinanunulika na nini lazima ukitengeneze mwenyewe. Injini za mvuke za Afrika Mashariki hazipatikani dukani kama seti za kawaida, hivyo katika kila skeli utajenga kitu. Swali ni kiasi gani.

Cha tatu ni uendeshaji wa siku nzima, na hiki ndicho kinachostahili uzito mkubwa kuliko vyote. Kwenye viwanja vya Themi, Njiro, wakati wa Nanenane, utakuwa ndani ya banda lenye vumbi la Agosti, umeme wa genereta unaopanda na kushuka, na watoto waliojipanga mbele. Treni inayosimama kila baada ya dakika mbili itasukumwa kwa kidole, na ikishasukumwa mara tatu gia zake zimekwisha.

Cha nne ni mandhari: stesheni, watu, magari, migomba, magunia ya kahawa, na jinsi vinavyoonekana kutoka umbali wa mita moja.

Mm 9, skeli ya 1:120

*Nafasi na usafiri.* Treni yetu ina urefu wa sentimita 90 tu. Hapa ndipo skeli hii inapozishinda nyingine zote. Mbao mbili za futi 4 kwa 2 zinatosha kuonyesha stesheni yenye njia nne, na mbao tatu zinatosha kwa Kahe nzima, pale njia ya Taveta na Voi inapoungana na ya Tanga. Ukilaza viti vya nyuma vya Noah, vyote vinaingia. Kona ya nusu kipenyo cha mm 300 inapitika bila shida.

*Vifaa na kazi ya mikono.* Njia na pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, ni zilezile za skeli ya N ya 1:160, na zipo za aina nyingi. Wajenzi wa New Zealand wameizoea skeli ya 1:120 juu ya njia hii kwa sababu reli yao ni ya mm 1,067, kwa hiyo maarifa yapo. Kazi yako ni kuchukua chasi ya injini ya N na kuivalisha mwili mpya, ama wa bati la shaba ama wa printa ya 3D. Magurudumu ya kuvutia ya kiasi cha mita 1.2 yanakuwa mm 10. Mpangilio wa magurudumu hautalingana kila mara na injini unayoiiga, na lazima ukubali hilo mapema.

*Siku ya maonyesho.* Udhaifu uko hapa. Injini ni nyepesi, na uzito ndio unaokandamiza gurudumu kwenye reli hadi umeme upite. Punje moja ya vumbi inatosha kuisimamisha. Dawa zipo tatu, na zote zinahitajika kwa pamoja. Jaza tenda na boila vipande vya risasi vile vya kubalansi matairi, vinavyopatikana gereji yoyote. Fanya magurudumu yote ya tenda yachukue umeme, si ya injini peke yake. Na usinunue pointi ambazo pale reli mbili zinapokatana pana kipande cha plastiki. Chagua zenye chuma kinachopitisha umeme.

*Mandhari.* Mgomba wa mita 4 unakuwa mm 33. Shamba zima la miwa la kusini mwa Moshi linaenea kwenye ubao mmoja, na treni inaonekana ndogo ndani ya nchi kubwa, kama ilivyo kweli. Lakini jina kwenye ubavu wa injini halisomeki kutoka nyuma ya kamba.

*Inamfaa nani.* Anayeishi chumba kimoja au viwili, asiye na gari la mizigo, na anayependa mwenendo wa treni nyingi kuliko undani wa injini moja. Anayesumbuliwa na macho ya karibu atateseka na viungio vya mabehewa.

Mm 12, skeli ya 1:87

*Nafasi na usafiri.* Treni ni mita 1.24. Panga mbao nne za futi 4 kwa 2, yaani mita 4.88 kwa urefu: tatu za stesheni na moja ya yadi iliyofichwa ambamo treni hubadilishwa. Kirikuu kimoja kinabeba zote, miguu ya kuzisimamishia na masanduku ya mabehewa. Kona zisipungue mm 450 hata kama mtengenezaji anasema injini yake inapita kwenye mm 330. Inapita, ila behewa refu linaning'inia nje kwa namna inayochukiza macho.

*Vifaa na kazi ya mikono.* Peco na Tillig wanatengeneza njia za mm 12 zinazopindika, lakini pointi zina chaguo chache na bei yake inauma. Upande wa injini, Bemo wamejikita kwenye reli za Uswisi, na injini za mvuke za dukani nyingi ni za milima ya Harz, Ujerumani. Hizo ni chasi nzuri kwa injini fupi za enzi za Wajerumani. Kwa injini kubwa zaidi za miaka ya 1950, zenye magurudumu manane ya kuvutia, tazama Australia, ambako wanaoiga reli ya Queensland hutumia njia hii hii. Weka akilini kwamba injini moja inaweza kumeza bajeti kuliko mbao, njia na mandhari yote.

*Siku ya maonyesho.* Uzito unatosha, mota ni imara, na nafasi ya kapasita ya akiba inapatikana ndani ya tenda. Kapasita hiyo, ikifungwa pamoja na mfumo wa kidijitali, huibeba injini ivuke sehemu chafu bila kutetereka. Kinachoharibika mara nyingi ni maungio ya mbao: reli zikipigwa kidogo wakati wa kupakia, zinasogea nusu milimita na mabehewa yanaanguka papo hapo kila mzunguko. Kwenye ukingo wa kila ubao, funga skrubu mbili za shaba chini ya kila reli, chomelea reli juu yake kwa risasi, ndipo uikate kwa msumeno mwembamba. Ukikata kwanza na kuchomelea baadaye, hazitakutana tena sawasawa.

*Mandhari.* Hakuna skeli yenye utajiri kama huu. Watu, malori, Land Rover, mapipa, vyote vipo kwa 1:87. Sanamu ndogo za watu za kampuni ya Preiser zimevaa Kizungu, hivyo zitapakwa rangi upya na kuvalishwa: kanga ya karatasi ya sigara iliyolowekwa gundi inakaa vizuri mwilini kuliko ya kupaka rangi tu. Gunia la kahawa linakuwa na urefu wa mm 10 hivi. Yakipangwa mia moja mbele ya ghala, hayo ndiyo Moshi ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kwa mtazamo mmoja.

*Inamfaa nani.* Kikundi cha watu watatu au wanne, au mtu mwenye subira na mfuko wa kuagiza kidogo kidogo, anayetaka stesheni nzima ikiwa na maisha yake.

Mm 16.5, skeli ya 1:64

*Nafasi na usafiri.* Treni ni mita 1.69, na jukwaa la mita 200 lingetaka mita 3.1. Kwa hiyo hapa hujengi stesheni nzima. Unajenga kipande, kwa mfano karakana ya injini, tangi la maji na njia mbili za mizigo. Kona za mm 600 ni za chini kabisa. 750 ni bora. Urefu wa mbao ni uleule wa skeli iliyotangulia, ila unaonyesha eneo dogo zaidi.

*Vifaa na kazi ya mikono.* Faida kubwa ni kwamba chasi, magurudumu na pointi za seti za kawaida ndizo zilizojaa kuliko zote duniani, mpya na mitumba. Gurudumu la mm 19, ambalo kwenye injini ya SGR ni la mita 1.65, kwa 1:64 linakuwa la mita 1.2, saizi yenyewe inayotakiwa. Mwili wa injini unapanuka hadi mm 45, hivyo chasi inajificha ndani yake yote. Huko New Zealand na Australia watu wamefanya hivi kwa miaka mingi.

Kasoro ni mataruma. Kwenye njia ya dukani yamebanana, yapata mm 7 kutoka katikati hadi katikati, wakati kwa 1:64 yanatakiwa kukaribia mm 11. Geuza njia, kata kwa wembe vile vidaraja vya plastiki vinavyounganisha mataruma, kisha yatelezeshe kwenye reli hadi yafike nafasi yake ukitumia kipande cha mbao cha mm 11 kama kipimo. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Ukiiruka, njia itaonekana SGR tena na faida yote imepotea. Kabla ya kuweka gari lolote relini, pima pia umbali wa ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa upana huu uwe mm 14.4 hivi. Ukipungua, gurudumu linapanda pale kwenye pointi.

*Siku ya maonyesho.* Nzito, tulivu, rahisi kutengeneza. Mota ikiungua saa nne asubuhi, kuna uwezekano mkubwa mtu mwingine kwenye kikundi ana ya kufanana. Kati ya skeli zote nne, hii ndiyo inayosamehe zaidi.

*Mandhari.* Watu na majengo utayatengeneza. Mtu mzima ana mm 27. Lakini magari madogo ya chuma ya watoto, yale ya madukani na mitaani, mengi yako karibu na 1:64. Pima upana na urefu kabla ya kununua, maana kampuni hurefusha au kufupisha ili yaingie kwenye kifungashio.

*Inamfaa nani.* Fundi anayependa kutengeneza kwa mkono, shule ya ufundi, na yeyote ambaye nyota ya maonyesho yake ni injini yenyewe: rangi ya damu ya mzee ya East African Railways, mabomba, na jina la ubavuni linalosomeka.

Mm 45, skeli ya 1:22.5

*Nafasi na usafiri.* Treni yetu kamili ingekuwa mita 4.8. Punguza mabehewa yawe mawili. Bado ni mita 2.4. Kona ya mm 600 ipo dukani, lakini injini ndefu inataka mm 1,200. Sahau Noah. Hesabu kirikuu cha mbao na safari nyingine ya injini na majengo, au uwanja wa nje wenye njia iliyolazwa chini.

*Vifaa na kazi ya mikono.* LGB walianza mwaka 1968 wakiiga reli za mita moja kwa skeli hiyo hiyo, kwa hiyo upana na vipimo viko sawa tangu mwanzo. Fundi bati na seremala wa kawaida wanaweza kukusaidia, kwa sababu vipande ni vikubwa: gurudumu la kuvutia lina mm 53. Gharama ya kila mita ya njia ndiyo inayorudisha wengi nyuma.

*Siku ya maonyesho.* Acha kabisa kupitisha umeme kwenye reli. Betri ndani ya tenda na rimoti ya redio hufuta tatizo la vumbi kwa mara moja. Ukitaka mvuke wa kweli, skeli hii ndiyo inayoufaa zaidi, na hakuna kinachokusanya watu kama moshi na harufu ya mafuta ya moto. Masharti yake hayajadiliwi: boila yenye cheti cha majaribio ya shinikizo, uwanja wa nje, kamba mita moja kutoka njiani, kizima moto na ndoo ya mchanga, gesi ijazwe mbali na moto na watazamaji, na ruhusa ya maandishi ya waandaaji. Maji ya bomba yanaweza kuwa na madini yanayoacha magamba ndani ya boila. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa.

*Mandhari.* Mgomba mmoja una sentimita 18, na kila jani lazima lipasuke kama lililopigwa na upepo. Kitu kidogo kilichokosewa kinaonekana.

*Inamfaa nani.* Mwenye bustani, shule yenye watoto wadogo, maonyesho ya nje.

Yasiyobadilika kwa skeli yoyote

Shiti moja ya plaiwudi ya mm 12, futi 8 kwa 4, hutoa mbao nne za futi 4 kwa 2 bila kubakiza. Paka rangi au vanishi pande zote mbili na kingo, chini pia, kabla ya masika. Ubao uliopakwa juu tu hunyonya unyevu kwa chini na kujikunja kama bakuli.

Usitegemee viunganishi vya reli kupitisha umeme. Kila kipande cha njia kiwe na waya wake uliochomelewa kwa risasi, ukishuka kwenye waya mkuu wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani. Acha nafasi ya nusu milimita kila baada ya mita moja. Reli iliyolazwa Arusha asubuhi ya Julai na kupelekwa Moshi jua la Februari itarefuka, na isipopata pa kwenda itanyanyuka.

Na sasa mchanga. Ule mchanga mweusi wa mtoni unaonekana mzuri mno kwa kokoto za reli, na karibu kila anayeanza huuchukua. Uweke kwenye karatasi, pitisha sumaku chini yake, na utaona punje zikisimama na kutembea kama nywele. Hizo ni za chuma, kwa sababu mchanga huu umetokana na mawe ya volkano. Zikilegea kwenye gundi, mota ya injini itazivuta moja moja hadi ijikwae. Tumia tofali la kuchoma lililosagwa au vigae vilivyopondwa, chekecha kwa chujio la chai, na paka rangi ya kijivu. Punje ziwe nusu milimita kwa 1:87, karibu milimita 2 kwa 1:22.5. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo kwanza, kisha dondosha gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ukitumia bomba la sindano. Kaa mbali na ulimi wa pointi. Tone moja pale linatosha kuifunga.

Kusafisha reli, kitambaa cha pamba na spiriti isiyo na rangi, kila asubuhi na mchana. Msasa huacha mikwaruzo inayoshika uchafu zaidi.

Kwa hali yako

Kama chumba ni kimoja na unasafiri kwa gari la kuazima, anza na 1:120, jenga Kahe kwenye mbao tatu, na tumia muda wako mwingi kwenye uzito na uchukuaji umeme wa injini.

Kama mko kikundi na mnataka Moshi yenye kahawa, majukwaa na watu, nendeni 1:87. Nunueni pointi zote kwanza, kwa mkupuo mmoja. Ndizo zinazokwama kwa kukosekana, na mchoro wa stesheni unategemea pembe zake.

Kama tayari mna seti za kawaida kabatini, msiziuze. Vueni miili, hifadhini chasi, na mjenge 1:64.

Kama watazamaji wenu ni watoto wa shule ya msingi, au mtakuwa nje, chagueni 1:22.5 kwa betri, na meza iwe na kimo cha sentimita 90 badala ya 110.

Kama kinachokuvuta ni Garratt (injini ndefu za mvuke zenye seti mbili za magurudumu ya kuvutia) za daraja la 59, zile 34 za kiwanda cha Beyer, Peacock zilizopewa majina ya milima, jua kwamba zilitengenezewa kazi ya Mombasa na Nairobi, si ya njia yetu. Moja kwa 1:87 ina urefu wa mm 365, kwa 1:64 karibu nusu mita. Inaweza kusimama kwenye meza yako kama mgeni, lakini pima kona ya yadi ya nyuma kabla ya kuiagiza.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, kata maboksi kwa ukubwa wa injini, behewa moja na jengo la stesheni katika kila skeli, yapange mezani, kisha simama mita moja nyuma. Halafu yapakie kwenye gari utakalotumia.